Chumba cha Nyaya

Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Mama yake mzazi, ambaye bado anaishi naye na bado analalamika, husema mtoto huyu alianza kusema "kwa nini" kabla hajasema "maji". Msibani aliuliza, harusini aliuliza. Siku ya posa yake mwenyewe, mbele ya wazee wa pande zote mbili, alimuuliza mchumba wake kwa nini anamtaka yeye na siyo dada yake aliyekuwa mzuri zaidi, na yule bwana akababaika mpaka wazee wakamwonea huruma. Wakaoana hivyo hivyo. Kwa hiyo alipopata kazi ya kuuliza maswali, tena ya mshahara, nyumbani walishangilia wakidhani sasa atayamalizia huko huko.

Kazini walimwita Mama Kwa Nini, na jina hilo lilikuwa la kumchokoza tu, maana kwenye kazi yake neno lenyewe lilikuwa mwiko. Alikuwa mhoji wa watoto: waliopigwa, waliochezewa, waliosafirishwa mbali na kwao wakatumikishwa. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia "kwa nini hukukimbia?" hasikii swali, anasikia lawama. Basi mwanamke aliyezaliwa na neno hilo mdomoni alilazimika kulimeza kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Akifika nyumbani anamtapikia mumewe yote.

Mahali pa kazi palikuwa nyumba ya kawaida ya kuishi, yenye geti la bati na kokoto uani, iliyobadilishwa matumizi. Zamani mtoto akiokotwa leo, alihojiwa polisi, kesho hospitali, keshokutwa ustawi wa jamii, mwezi ujao kwa wakili wa serikali, na kila ofisi alianzishwa upya: "Haya, mwanangu, tuambie ilikuwaje." Mpaka afike mahakamani keshasimulia mara tisa, kila mara pana kitu kimepungua au kimeongezeka, na wakili wa mshtakiwa anachekelea: mnaona, mtoto mwongo huyu! Jamani, hata mtu mzima mwulize mara tisa alikula nini jana, uone kama hatachanganya. Sasa wote walihamia chini ya paa moja. Mtoto anaongea mara moja, na mtu mmoja. Wengine wanakaa chumba cha pili wakimtazama kwenye skrini, na mwenye swali analisema kwenye kipaza sauti kidogo, linaingia sikioni mwa mhoji.

Chumba cha kuongelea alikipanga Mama Kwa Nini mwenyewe. Alichagua rangi ya ukutani baada ya kuwasumbua mafundi kwa wiki mbili. Alitafuta zulia laini, viti vidogo, mito ya maua, rafu ya midoli, na sungura wa kitambaa mwenye masikio marefu ambaye alikuwa kipenzi cha kila aliyeingia. Wageni wakija kutembelea alikuwa akiwafungulia mlango wa chumba hicho kabla ya vingine, na kusema kweli alikuwa akiringa.

Chumba cha pili hakuna aliyekichagulia rangi. Kilikuwa stoo, kikawekwa meza ya chuma, viti vya ofisi visivyolingana, skrini mbili, mashine ya kurekodi yenye taa nyekundu, na nyaya. Nyaya nyeusi, za kijivu, nyingine zimefungwa kwa utepe wa gundi, zote zikipita mlangoni, maana fundi aliyezifunga aliona uvivu kutoboa ukuta. Mlango wa chumba hicho ulikuwa na miaka mitatu haujawahi kufungika.

Jumanne hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, Afande alimvuta Mama Kwa Nini pembeni uani. Afande alikuwa mpelelezi mnene mwenye goti bovu, na wakati wote goti likimuuma alikuwa mkali kuliko sheria.

"Dada, mtoto wa leo ni wa kike, kama miaka tisa. Jana jioni mama muuza mkaa amemkuta analia barabarani, akamleta kituoni. Kuna nyumba mwanamke mmoja anaweka watoto wa watu, wanamfungia karanga kwenye vipakiti kutwa kucha. Huyu katoka, lakini mdogo wake wa kiume wa miaka mitano amebaki humo ndani, pamoja na wengine. Mtaa wenyewe mtoto haujui."

"Kasema nini kingine?"

"Ndiyo shida. Alikuwa anaongea vizuri. Wakamuuliza watu watatu. Wa mwisho akamuuliza kwa nini amemwacha mdogo wake, basi, akafunga mdomo. Tangu saa mbili usiku hajatoa neno."

"Nani huyo aliyemuuliza hivyo?"

"Wewe usiniulize hayo."

"Ni wewe?"

Afande akatazama viatu vyake. "Nilikuwa na haraka," akasema. "Na haraka bado ninayo. Huyo mwanamke sasa hivi labda anadhani mtoto kapotea njia tu. Akisikia yuko polisi, anawapakia wote kwenye gari leo leo, na sisi tutabaki tunashika tama. Tukimkosa huyo mdogo leo, dada, tumemkosa moja kwa moja."

Daktari wa nyumba hiyo alikuwa ameshamwona mtoto. Hakuwa na jeraha la kukimbiza hospitali, ila ncha za vidole gumba na vya shahada, mikono yote miwili, zilikuwa na alama za moto, ndogo ndogo, za zamani na za juzi. Vipakiti vya nailoni huzibwa kwa moto wa mshumaa. Alikunywa chai, akala mkate, akamwachia daktari apime anachotaka, kimya. Gauni alilokuja nalo lilikunjwa kwenye mfuko wa ushahidi, naye akavalishwa lingine lililomzidi mabega.

Mama Kwa Nini alimpokea kwenye mlango wa chumba chake kizuri. Alishuka, akachuchumaa ili macho yao yalingane, kama alivyofundishwa, akaweka ile sauti yake ya kazini, laini, ya kubembeleza.

"Karibu, mwanangu. Humu ni kwa watoto tu. Kuna midoli, kuna biskuti. Mimi ukipenda niite shangazi."

Mtoto alisimama kizingitini kana kwamba kashonewa hapo. Alimtazama sungura. Akatazama sahani ya biskuti. Halafu akaanza kuutazama mlango, polepole, kutoka bawaba mpaka kitasa, na Mama Kwa Nini akahisi udadisi wake unaamka na kunyoosha miguu. Watoto wamewahi kukataa chumba hiki? Wapo waliolia ndani yake, wapo waliolala, mmoja alijificha chini ya meza saa nzima. Kukataa kuingia, hapana, hajawahi kuona.

"Ufunguo unakaa upande gani?" mtoto akauliza.

Loo! Kazungumza! Mama Kwa Nini alijikaza asioneshe furaha. "Hauna ufunguo. Tulipoweka kitasa hatukuweka ufunguo. Jaribu."

Mtoto hakujaribu. Alirudi nyuma hatua moja.

Sasa hapo mtu mwingine angebembeleza zaidi, angemletea sungura mlangoni. Mama Kwa Nini naye, nusura afanye hivyo. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtoto lazima aambiwe mwanzoni, na akaona bora alimalize. "Kabla hatujaanza, nikwambie ukweli. Kuna watu wengine wako chumba cha pili. Wanatuona kwenye skrini na wanatusikia. Wanasikiliza ili usije ukaulizwa tena na tena."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Niwaone."

Hilo nalo halikuwemo kwenye mwongozo wowote aliowahi kusoma, wala halikukatazwa. Akamwambia twende.

Kwenye chumba cha nyaya walikuwa wamekaa Afande, daktari, dada wa ustawi wa jamii aliyekaa na mtoto kwenye makazi ya muda usiku uliopita, na wakili wa serikali, kijana mwembamba mwenye tai. Wote wakasimama kwa pamoja, bila kujua kwa nini wamesimama. Mtoto alivuka nyaya bila kuzikanyaga, akasimama mbele ya wakili.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi? Mimi huwa nazungumza mahakamani. Kwa niaba ya… kwa niaba yako."

"Sasa hivi unazungumza nini?"

"Sasa hivi nasikiliza tu."

Akahamia kwa Afande. "Na wewe?"

"Mimi unanijua," Afande akasema, akakohoa. "Nakamata watu wabaya."

"Leo umekamata wangapi?"

"Leo… bado."

Wakili alijifanya anafuta skrini ili asionekane anacheka. Baadaye alisema tangu aanze kazi hajawahi kutolewa jasho namna ile na jaji yeyote, na jina la Mkaguzi likamkaa mtoto tangu dakika hiyo. Mkaguzi aliwamaliza wote wanne. Akachungulia dirishani, akaona geti, kokoto na mlinzi anapiga mswaki. Akausukuma mlango kwa kidole kimoja, mlango ukaenda, ukagota kwenye nyaya, ukarudi.

"Hapa haufungiki?"

"Haufungiki," Mama Kwa Nini akasema.

Mtoto akapanda kwenye kiti cha ofisi cha wakili, chenye magurudumu na mgongo uliochanika, akaweka mikono mapajani. "Basi hapa."

Kwa nini hapa? Neno lilimfika Mama Kwa Nini kooni, akalimeza, likashuka na miiba yake. Kina nini chumba hiki? Kinanuka vumbi na waya wa moto. Zulia hakina, hata picha moja ukutani hakina.

Wakili akamvuta korido. "Mama, mahakamani wataniuliza kwa nini mtoto kahojiwa stoo."

"Waambie kachagua mwenyewe. Washa mashine sasa hivi, kabla sijakaa, ili hilo nalo lisikike."

"Na sisi tutakaa wapi?"

Walitazamana. Kila mmoja aliliona jibu na hakuna aliyetaka kulisema.

Haya, ikawa hekaheka. Wakili alipiga magoti chini ya meza, tai begani, akichomoa na kuchomeka. Daktari alibeba kamera yenye miguu mitatu. Dada wa ustawi alikwenda kuwaomba watu wote wasipite korido mpaka waambiwe. Skrini ikasimamishwa juu ya rafu ya midoli, kati ya sungura na lori la plastiki, na watu wazima wanne wakajibanza kwenye viti vya watoto wa chekechea, magoti kidevuni. Goti la Afande lilipiga kelele ambayo mashine ilirekodi. Mtoto alizitazama shughuli zote hizo kwa makini kabisa, na mara mbili akauliza waya gani unaenda wapi.

Hatimaye wakabaki wawili. Mama Kwa Nini akaweka kile kidude sikioni.

"Hicho ni nini?" mtoto akauliza.

"Wale wengine wakitaka kuniambia kitu, nakisikia humu. Hata sasa hivi Afande anaguna."

"Na wewe unaitwa nani? Siyo shangazi."

"Sawa, siyo shangazi. Hapa wananiita Mama Kwa Nini."

"Jina gani hilo?"

"Napenda sana kuuliza kwa nini."

"Mbona mimi hujaniuliza?"

"Humu ndani nimekatazwa. Humu nitakwambia 'niambie' tu, na usilolijua unasema sijui, hakuna atakayekukasirikia. Niambie siku ile ya kwanza uliyofika kwenye ile nyumba. Mwanzo mpaka mwisho."

Mtoto alizungusha kiti nusu, akakirudisha. Alisimulia bila kulia, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya njia. Mama yao alifariki. Mwanamke akaja nyumbani kwa bibi yao, akasema mjini kuna shule, atawasomesha wote wawili. Bibi akafurahi, akawafulia nguo. Wakapanda gari siku nzima.

"Tukafika, akatuingiza kwenye chumba kizuri. Kama kile chenu. Kina zulia. Kina midoli, kulikuwa na mdoli wa mbwa na wa sungura. Akatupa biskuti. Alikuwa anaongea polepole, kama wewe ulivyoongea pale mlangoni. Akasema, mimi niiteni shangazi. Tukalala humo siku mbili, akatupiga picha tunacheza, akamtumia mtu aende kumwonesha bibi. Halafu siku ya tatu akatutoa, akatupeleka nyuma kwenye karanga. Kile chumba hatukukiona tena. Akija mgeni au watoto wapya ndiyo kinafunguliwa. Ufunguo ulikuwa nje."

Mama Kwa Nini alihisi uso unawaka moto. Sauti, biskuti, mpaka neno la shangazi! Miaka mitatu anaringia chumba, kumbe kuna mwanamke mwenzake mahali fulani amekaa, amefikiri, amechagua zulia kwa akili ile ile, kwa kujua vile vile mtoto anapenda nini. Alitamani kupiga meza ya chuma kwa ngumi. Badala yake akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kumwitia mumewe chakula: "Asante kwa kuniambia. Halafu ikawaje?"

Ikawa karanga. Wakubwa wanakaanga, wa kati wanafunga vipakiti na kuziba kwa mshumaa, wadogo wanachambua zilizooza. Watoto saba, yeye akiwemo. Mdogo wake alikuwa kwenye kuchambua, na akichoka anazila, na akizila anapigwa, kwa hiyo dada mtu alimfundisha kutafuna huku amefumba mdomo.

"Muulize nyumba iko wapi!" Afande akasema sikioni.

Asingemuuliza hilo. Jana kaulizwa mara tatu na hajui. Ukimuuliza ya nne atabuni ili akuridhishe. "Niambie vitu unavyoviona mkiwa uani," akasema.

"Hatuoni. Kuna ukuta. Kuna kamba ya nguo. Nguo zikianikwa zinapata madoa, shangazi anatukana."

"Niambie kuhusu madoa."

"Nyuma ya ukuta wanapuliza rangi. Upepo ukija inaruka kwetu. Kwanza ilikuwa nyeupe, halafu ikaja nyekundu. Sasa hivi njano. Jana njano nyingi sana, ilimpata mdogo wangu mpaka kwenye nywele. Hata gauni langu, daktari kalichukua."

Kwenye sikio la Mama Kwa Nini kulisikika karatasi za mfuko wa ushahidi, halafu Afande, kwa pumzi fupi fupi: "Kweli! Njano! Dada, muulize kama ni mabasi. Muulize kama wanapaka mabasi ya shule!"

Muulize, muulize. Akishamtajia basi mtoto, basi litabaki kuwa la Afande, na wakili wa mshtakiwa atalipasua vipande vipande. Alitoa pumzi polepole. "Niambie mnachosikia huko nyuma ya ukuta."

"Mashine inanguruma. Halafu ikimalizika gari moja wanaiwasha, wanapiga honi mara tatu. Honi kubwa. Mdogo wangu ndiye anahesabu, anapenda. Anasema ni basi. Mimi sijui, sijaliona. Anasema basi la tano likija atapanda aende kwa bibi." Akahesabu kwa vidole. "Jana yamefika manne."

Kule chumba cha midoli kiti kidogo kilianguka. "Gereji ya nyuma ya maghala!" Afande alikuwa ananong'ona kwa nguvu zote, yaani alikuwa anapiga kelele. "Basi la shule ya mwanangu liko pale! Wiki nzima nampeleka shule mwenyewe, nalalamika kila asubuhi, kumbe!" Akasikika anatoka, anapiga simu uani, anataka gari lisilo na alama na askari wa kike wawili.

Mhoji mwingine angemaliza hapo, mtaa umepatikana. Lakini mtoto alikuwa bado hajamaliza, na Mama Kwa Nini aliyaona hayo kwenye vidole vyake, vile vyenye alama za moto, namna vilivyokuwa vinasuguana.

"Niambie kuhusu jana," akasema.

"Dada mkubwa alikuwa anaumwa. Nikatumwa mimi mishumaa. Sijawahi kutumwa. Shangazi akasema, ukichelewa tunamfungia mdogo wako kwenye pipa. Nikaenda dukani, nikanunua. Nikawa nimesimama na mishumaa." Kiti kilizunguka nusu, kikarudi. "Halafu miguu ikaenda."

"Ikaenda."

"Upande mwingine. Mimi nilikuwa nasema rudi, rudi, yenyewe inaenda. Nikafika mbali. Nikataka kurudi, njia siijui." Sasa sauti ilikuwa imeshuka mpaka kule chumba cha midoli ikabidi waongeze sauti ya skrini. "Atasema nimemkimbia. Atawaambia wote dada yangu kanikimbia. Yule Afande mwenyewe kasema nimemwacha. Hata mkimleta hatanitaka."

Mama Kwa Nini alitaka kusema hapana, hawezi kusema hivyo, anakupenda. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu kabisa. Lakini yeye alikuwa anajua nini kuhusu kichwa cha mtoto wa miaka mitano asiyemfahamu? Shangazi yule ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuahidi. "Nimekusikia," akasema. "Hilo la mdogo wako silijui, siwezi kukudanganya. Ninalolijua ni kwamba jana umetembea mpaka umefika kwa watu, na leo Afande anajua pa kwenda kwa sababu yako."

Mtoto aliitafakari kauli hiyo, akaiacha palepale.

Afande alisimama mlangoni kabla ya kuondoka, kofia mkononi. Jasho lilikuwa linamtiririka, na alikuwa amesikia yote akiwa uani, kwa simu ambayo wakili alimwachia wazi. "Mkaguzi," akasema. "Jana nilikuuliza swali baya."

"Ndiyo."

"Nisamehe."

"Kamlete kwanza," mtoto akasema.

Wakaondoka. Ikabaki kungoja, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kuhoji. Saa tano, saa sita. Wakili aliingia na kutoka. Aliuliza chinichini kama sasa midoli yote itupwe, Mama Kwa Nini akamwambia hapana, yuko mtoto atakayeitaka, ila kuanzia leo kila mtoto ataoneshwa vyumba vyote kwanza, hata jiko. Halafu akarudi kwa Mkaguzi, ambaye alikuwa amegoma kabisa kuondoka kwenye chumba cha nyaya kwa sababu dirisha lake lilitazama geti.

"Huu mweusi unaenda wapi?" mtoto aliuliza.

"Hata mimi sijui. Miaka mitatu nauruka tu."

Wakaufuata. Walitambaa chini ya meza, wakapita nyuma ya kabati, wakagundua waya mweusi hauendi popote, umekatwa, fundi kausahau. Mama Kwa Nini alishangaa kweli, na mtoto akamtazama kwa jicho la kumsikitikia, mtu mzima anayefanya kazi na vitu asivyovijua. Wa kijivu ulikwenda kwenye kamera. Wa tatu ulipita dirishani na walikuwa wanabishana unaishia wapi, pale mtoto alipouliza bila kugeuka:

"Akikataa kuja kwangu?"

"Tutakaa naye karibu, tungoje."

"Akikataa mpaka kesho?"

"Tutangoja mpaka kesho."

Saa saba kasoro geti lilifunguliwa. Gari liliingia, la pili likafuata. Afande alishuka akichechemea, akamwinulia Mama Kwa Nini vidole sita, yaani wote, na kidole cha saba akakielekeza nyuma, kule ambako gari jingine lilikuwa limempeleka shangazi. Watoto walianza kushuka mmoja mmoja, wakipepesa macho juani. Dada mkubwa anayeumwa alibebwa. Wa mwisho alikuwa wa kiume, mfupi, mwenye madoadoa ya njano nywele nzima, naye alikataa kushikwa mkono.

Mkaguzi alikuwa ameshatoka mpaka kibarazani. Hapo miguu ikagoma. Alishika nguzo kwa mikono yote miwili na hakwenda mbele wala nyuma, na Mama Kwa Nini, aliyesimama hatua moja tu nyuma yake, alikunja ngumi mpaka kucha zikamuuma, akijizuia asimsukume.

Mvulana alimwona dada yake. Alimtazama, akatazama nguzo, akalitazama gauni lisilo lake. Hakukimbia kwenda kwake. Badala yake aliwageukia wenzake pale kwenye kokoto, amekasirika, kidole kimenyooshwa kibarazani.

"Si niliwaambia?" akasema. "Nyinyi mkabisha, mkasema kakimbia. Mimi nikawaambia kaenda kuita watu. Si huyo hapo, na watu wenyewe si hawa?"

Mkaguzi aliteleza na nguzo mpaka chini, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu afike pale, kilio kikubwa cha mtoto wa miaka tisa. Mdogo wake akapanda ngazi, akasimama mbele yake, akamchungulia usoni.

"Sasa unalia nini?" akamuuliza.